Mbuzi 25 mizanini, mbuzi 1,000 sokoni: hesabu ya sampuli kwa mfanyabiashara

Mfanyabiashara anayeteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu kwenda bonde la Yaeda Chini kutafuta mbuzi anafanya biashara ya vipimo viwili. Bondeni ananunua kwa macho: anamwangalia mnyama, anamshika mgongoni, anataja bei, wanapatana. Akifika Arusha au kwingineko mjini, mwenye bucha hataki habari za macho. Anataka kilo. Kati ya macho na kilo ndipo mitaji mingi inapozama, na safu hii wiki hii inaeleza namna ya kuziba pengo hilo kwa hesabu ambayo haihitaji zaidi ya mizani ya kuning'iniza, daftari na kikokotoo cha mfukoni.

Tuchukue mfano. Umepanga kukusanya mbuzi wa kienyeji 1,000 katika msimu mmoja kutoka kwa wafugaji wa bondeni. Kumnunua mbuzi mmoja, ushuru, kibali, wachungaji na lori hadi mjini vinakugharimu jumla ya Sh. 92,000. Mnunuzi wako anakulipa Sh. 4,000 kwa kilo ya mbuzi hai. Maana yake ni kwamba mbuzi wako wakiwa na wastani wa kilo 23 umerudisha fedha yako bila senti ya faida. Swali ni moja tu: je, mbuzi wa huko wana wastani wa zaidi ya kilo 23, au pungufu?

Kuwapima wote 1,000 kabla ya kununua haiwezekani, kwa kuwa wengi bado wako maporini kwa wenyewe. Kwa hiyo unapima 25. Hao ndio sampuli yako. Tuseme wastani wao ni kilo 24. Wengi watapiga makofi hapo hapo na kuanza kununua: kilo moja juu ya mstari, Sh. 4,000 kwa kila mbuzi, faida ya Sh. 4,000,000 kwa msimu. Tunawashauri wasubiri kidogo.

Wastani peke yake ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni jinsi mbuzi hao wanavyotofautiana, na kipimo chake huitwa mchepuko sanifu. Kwa lugha rahisi, ni umbali wa kawaida kati ya mbuzi mmoja mmoja na wastani wa kundi. Unapatikana hivi: kwa kila mbuzi toa wastani, zidisha tofauti kwa yenyewe, jumlisha zote, gawa kwa 24 (idadi ya mbuzi kasoro mmoja), kisha tafuta kipeuo cha pili. Katika mfano wetu tuseme ni kilo 4.

Vitu kama uzito wa wanyama wa aina moja na umri mmoja hufuata mpangilio ambao wataalamu huuita mgawanyo wa kawaida. Ukichora idadi ya mbuzi kwa kila kilo unapata umbo la kengele: wengi wako katikati, na kadiri unavyokwenda pembeni, kwa wazito au kwa wepesi, wanapungua. Abraham de Moivre alilieleza umbo hilo mwaka 1733, na Carl Friedrich Gauss akalitumia mwaka 1809 katika hesabu za nyota. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba karibu asilimia 68 ya wanyama watakuwa ndani ya mchepuko mmoja kila upande wa wastani, yaani kati ya kilo 20 na 28, na karibu asilimia 95 ndani ya michepuko miwili, yaani kati ya kilo 16 na 32. Kwa hiyo ukiuziwa mbuzi wa kilo 17 usiseme umeibiwa. Wapo, na walitegemewa.

Lakini si kila kitu sokoni kina umbo la kengele. Idadi ya ng'ombe kwa kaya haina. Katika jamii za wafugaji kaya chache huwa na mamia ya ng'ombe na nyingi huwa na wachache tu, na wastani hapo unamweleza mtu ambaye hayupo. Bei za hisa nazo hazina. Tarehe 19 Oktoba 1987 kipimo cha Dow Jones mjini New York kilianguka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja, jambo ambalo kwa hesabu ya kengele halikupaswa kutokea hata mara moja tangu dunia iumbwe. Mwekezaji mdogo wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo Aprili 1998, asikubali kuambiwa na dalali kwamba hasara kubwa "haiwezekani kitakwimu".

Jambo la kufurahisha ni hili. Hata pale vitu vyenyewe visipokuwa na umbo la kengele, wastani wa sampuli kubwa kiasi zilizochukuliwa kwa haki hukaribia kuwa nalo. Ukituma vijana 100 bondeni, kila mmoja apime mbuzi wake 25, utaletewa wastani 100 tofauti: 23.1, 24.6, 24.0 na kadhalika. Hizo wastani zenyewe zitajipanga kama kengele kuzunguka wastani wa kweli, na kengele hiyo ni nyembamba kuliko ile ya mbuzi mmoja mmoja. Upana wake huitwa kosa sanifu, nao ni mchepuko ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi uliyopima. Kwetu ni 4 gawa kwa 5, yaani kilo 0.8.

Sasa tunaweza kusema kitu cha maana. Zidisha kosa sanifu kwa 2.06, unapata kilo 1.65. Toa na ongeza kwenye 24. Wigo wa uhakika wa asilimia 95 ni kuanzia kilo 22.35 hadi 25.65.

Hiyo 2.06 imetoka wapi? Imetoka kiwandani, tena kiwanda cha bia. William Sealy Gosset alikuwa mtumishi wa Guinness mjini Dublin, akifanya kazi ya kupima ubora wa shayiri na malighafi nyingine kwa sampuli ndogo ndogo. Aligundua kwamba jedwali la kengele, linalotoa 1.96, linamdanganya mtu mwenye vipimo vichache, akatengeneza jedwali jingine na kulichapisha mwaka 1908 kwa jina la bandia la "Student", kwa kuwa kampuni haikupenda watumishi wake wachapishe kwa majina yao. Katika jedwali lake anayepima 25 anatumia 2.06, anayepima 100 anatumia 1.98, na anayepima watano anatumia 2.78. Mjaribu huyo wa watano: kosa sanifu lake ni kilo 1.79, na wigo wake ni karibu kilo 19 hadi 29. Amepoteza asubuhi nzima kujua jambo ambalo mtoto wa mchungaji angemwambia bure.

Turudi kwenye fedha. Mstari wetu ni kilo 23, na wigo wa mbuzi 25 unaanzia 22.35. Kama ukweli uko chini kabisa ya wigo, msimu mzima unakupa hasara ya Sh. 2,600,000. Kama uko juu kabisa, faida ni Sh. 10,600,000. Mtu mwenye akiba anaweza kucheza hapo. Aliyekopa asicheze. Akitaka kujua zaidi apime 100: kosa sanifu linashuka hadi 0.4 na, wastani ukibaki 24, wigo unakuwa kilo 23.2 hadi 24.8. Sasa hata upande mbaya unaacha Sh. 800,000. Tofauti kati ya kulala na kutolala usingizi ni posho ya siku mbili ya vijana wawili wenye mizani. Angalia lakini kwamba umepima mara nne zaidi ili kupunguza wigo nusu tu. Ndivyo kipeuo cha pili kinavyotoza.

Wengi hukosea kusoma hiyo asilimia 95. Haisemi kwamba asilimia 95 ya mbuzi wako kati ya kilo 22.35 na 25.65. Tumeona wanatawanyika kutoka 16 hadi 32. Inasema kwamba anayefuata njia hii kila msimu, katika misimu 100 wigo wake utakuwa umeukamata wastani wa kweli kama mara 95. Mara tano atakosa, na hataambiwa ni misimu gani.

Na yote hayo yanasimama juu ya sharti moja, ambalo kwa uzoefu wetu ndilo linalovunjwa zaidi: sampuli ichukuliwe kwa bahati nasibu. Mwenye mifugo akikuchagulia mbuzi wa kupima, atakuletea mabeberu. Ukimtuma kijana wako akamate yeyote, atakamata walio rahisi kukamatika, nao ni wagonjwa na wazee. Ukipima mnadani asubuhi, unapima pia maji waliyonyweshwa usiku. Njia ya salama ni kuwapitisha mbuzi kwenye mlango mwembamba wa zizi na kumpima kila wa kumi, awe mzuri awe mbaya. Kama kundi limechanganyika, tenganisha mabeberu, majike na wadogo, upime kila fungu kwa uwiano wake. Pima pia zaidi ya boma moja, maana mbuzi 25 wa boma moja wamekula malisho mamoja na kuugua ugonjwa mmoja, hivyo ni kama umepima wachache zaidi. Na usisahau kwamba mnyama hupungua njiani. Wigo wako ni wa kilo za Yaeda, nawe unalipwa kilo za mjini.

Bonde hilo hilo lina biashara nyingine ambayo uhai wake wote ni sampuli, nayo ni ya kaboni. Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, walipata hati miliki ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011 kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, kazi iliyochangia kiongozi wake, Edward Loure, kutunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2016. Kampuni ya Carbon Tanzania ikaanzisha nao mradi chini ya kiwango cha Plan Vivo: vijiji vinazuia msitu usifyekwe kwa mashamba, walinzi wa vijiji wanafanya doria, na tani za hewa ya ukaa ambazo hazikupanda angani huuzwa kwa vyeti, kimoja kwa tani moja. Fedha hurudi vijijini, pamoja na mambo mengine kwa matibabu na elimu.

Hakuna anayehesabu miti yote. Vinapimwa viwanja vichache, unene wa kila mti ukichukuliwa mita 1.3 kutoka ardhini, kisha kanuni hugeuza unene kuwa uzito mkavu. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, na tani moja ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za hewa ya ukaa. Tufanye mfano wa kubuni: viwanja 36, wastani tani 20 za kaboni kwa hekta, mchepuko 12. Kosa sanifu ni 2 na wigo ni karibu tani 16 hadi 24. Kama mradi umezuia ufyekaji wa hekta 100, tofauti kati ya 20 na 16 ni vyeti 1,467. Mnunuzi makini atataka kulipia upande wa chini wa wigo, na kanuni nyingi za soko hilo hukata makadirio yenye wigo mpana. Hapo kijiji ndicho kinachopoteza. Kuongeza viwanja hadi 144 ni gharama ya vijana wenye futi kamba, lakini kunaweza kurudisha nusu ya kile kinachokatwa. Mwanakijiji anayeuliza "mmepima viwanja vingapi, na nani alichagua mahali?" anauliza habari za mfuko wake. Viwanja vilivyopangwa kandokando ya barabara, ambako kuni zimeshakatwa, vitamwibia. Vile vilivyopangwa kwenye miti minene tu vitamwibia mnunuzi.

Kwa wanaofikiria kuweka fedha katika biashara hii, iliyowekewa kanuni zake nchini mwaka 2022, kuna jambo ambalo wigo wa uhakika hauligusi kabisa. Vyeti vinahesabiwa dhidi ya makisio ya msitu ambao ungefyekwa kama mradi usingekuwapo. Mwanzoni mwa 2023 vyombo vya habari vya Ulaya, likiwamo gazeti la The Guardian, vilidai kwamba makisio ya namna hiyo yalikuwa yamekuzwa mno katika miradi mingi ya misitu duniani iliyothibitishwa na Verra, kiwango kikubwa kuliko vyote sokoni. Madai hayo yalipingwa, lakini wanunuzi wengi waliingiwa na wasiwasi. Unaweza kupima viwanja 1,000 na kupata wigo mwembamba kama uzi, na bado makisio ya ufyekaji yakawa ya mezani. Ukiletewa taarifa ya mradi, soma kwanza ukurasa wa makisio hayo, ndipo uende kwenye jedwali la miti.