Goliati Wawili

Watoto, mnakumbuka habari za Goliati, yule Mfilisti ambaye Daudi alimwangusha kwa jiwe la kombeo. Wataalamu walipoona wanyama wawili waliowapita ndugu zao kwa ukubwa, waliwapa jina hilo. Mmoja ni mdudu. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alimpa jina mwaka 1771. Wa pili ni chura, naye alipewa lake mwaka 1906.

Mdudu huyo ni dundu. Anakaa katika misitu ya Kongo na ya nchi nyingine za Afrika. Pengine mmekwisha kumsikia akiruka na kuvuma juu ya miti. Chakula chake ni utomvu wa miti na matunda yaliyoiva. Dume ana pembe yenye panda kichwani, naye huitumia kwa kupigana na wenzake. Jike hana.

Chura hakai kwetu. Kwao ni Kameruni na Guinea ya Ikweta, penye mito ya maji ya kasi. Mwili wake waweza kupita santimetri 30, bila kuhesabu miguu, na aliye mkubwa sana ana kilo 3, sawa na jogoo mnono.

Basi, je, walikua kwa namna moja? Hata kidogo! Dundu akiwa bado buu huweza kufika gramu 100. Kisha hujifungia katika kijumba cha udongo, hali kitu, na mwili wake hugeuka. Akitoka ana mabawa, lakini uzito umepunguka, karibu nusu. Tangu hapo hakui tena, kwani ngozi yake imekuwa ngumu kama ganda. Kumbe alikuwa mzito zaidi utotoni!

Kwa chura mambo ni kinyume. Kiluwiluwi chake si kikubwa kuliko vya machura wengine. Lakini akiisha kupata miguu huendelea kukua. Mwaka 2019 wataalamu walieleza kwamba machura hawa hutengeneza vidimbwi kando ya mto, mahali pa kutagia, wakisukuma hata mawe ya kilo 2. Ndani yake mayai hayachukuliwi na maji.

Siku hizi machura hawa wanapunguka, kwa sababu watu huwanasa kwa ajili ya nyama. Wawindaji huwapenda walio wakubwa, nao ndio wenye nguvu za kusukuma mawe.