Jinsi rangi za shanga za Kajiado zinavyopotea katika picha ndogo

MNUNUZI aliye Nairobi au Hamburg haanzi kwa kuona mkufu wenyewe. Huona kwanza kipicha kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kwenye skrini ya simu. Akikipita, hafiki kwenye bei wala maelezo.

Kwa wanaouza mapambo ya Kimaasai mtandaoni kutoka Kitengela na mjini Kajiado, ikoni hiyo ndiyo mlango wa duka. Aghalabu mlango huo huwa na rangi isiyo yake: nyekundu hugeuka ya machungwa, nyeupe huwa manjano, na mkufu wa rangi tano huonekana kama doa la kijivu. Hasara si ya urembo tu. Miongoni mwa Wamaasai, nyekundu huhusishwa na damu na ujasiri, nyeupe na maziwa, samawati na mbingu iletayo mvua. Isitoshe, mteja aliyeagiza rangi moja akaletewa nyingine ana haki ya kulalamika.

Lawama hutupiwa simu duni, ilhali chanzo kikubwa ni hesabu. Picha ya vitone 4,000 kwa 3,000 ina vitone milioni 12, viitwavyo pikseli. Ikoni ndogo ya 16 kwa 16 ina pikseli 256 pekee. Hata picha ikikatwa iwe mraba wa 3,000 kwa 3,000, kila pikseli ya ikoni huwakilisha zaidi ya 35,000 za awali, na kwa kawaida programu huchukua wastani wake. Shanga nyekundu, nyeupe, samawati na kijani zikikorogwa katika chungu kimoja, hutoka uji usio na rangi maalumu.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya kupunguza. Mkufu mzima hautoshei. Heri kukata sehemu yenye mistari miwili au mitatu mipana. Susan Kare, aliyechora ikoni za tarakilishi ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alikuwa na mraba wa vitone 32 kwa 32, tena vyeusi na vyeupe tu, na bado zilieleweka kwa sababu aliacha mengi nje.

Hatua inayofuata ni kusawazisha nyeupe. Kila rangi huhifadhiwa kwa nambari tatu, za nyekundu, kijani na samawati, kuanzia 0 hadi 255. Ushanga mweupe ukisomeka 240, 225 na 180, picha imepungukiwa samawati. Yamkini ilipigwa chini ya balbu ya manjano. Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, na GIMP, isiyolipiwa, zina kitonesho cha kugusia mahali panapojulikana kuwa peupe, na rangi nyingine zote zikarekebishwa kwa kipimo hicho. Ushanga uliomulikwa na jua hadi ukasomeka 255 mara tatu haufai kuwa kipimo, kwani umekwisha kupoteza habari zake.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wakiona rangi zimefifia, huzikoleza hadi mwisho. Nambari ya nyekundu ikifika 255 haina pa kwenda, na mirabaraba ya shuka hupotea ikabaki bamba moja jekundu. Kukoleza kidogo, na kuongeza tofauti kati ya sehemu za giza na za mwanga, hutosha. Kisha picha ipunguzwe, inolewe kingo kidogo, na ihifadhiwe kwa muundo wa PNG. JPEG aghalabu huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwangaza, hivyo kingo za nyekundu hutapakaa.

Ikoni iangaliwe kwa ukubwa wake halisi, kwenye simu ya bei nafuu, mkufu wenyewe ukiwa mkononi. Picha ya awali nayo iwekwe kando, maana pikseli zilizotupwa hazirudi kwa kukuza ikoni.