Tangi la Kwenda na Kurudi

Alfajiri ya Nyakanazi huanza na muungurumo. Malori yaliyolala kando ya lami, matela yamefunikwa turubai, huwashwa moja baada ya jingine. Kabla dereva hajapanda kwenye kiti, utingo huwa ameshafungua mfuniko wa tangi na kuteremsha kijiti kirefu ndani. Hukitoa, hukimulika kwa tochi ya simu na kuonyesha kwa vidole dizeli imefika wapi. Geji ya kwenye dashibodi ipo, lakini huweza kudanganya. Kijiti hakina habari za kubahatisha.

Hesabu ya asubuhi hiyo ni nzito kwa sababu hapa ndipo barabara zinapoachana. Dereva aliyetoka Dar es Salaam akapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama amekwisha kukata takriban kilomita 1,200. Akikata kushoto anaelekea Kakonko, Kibondo, Kasulu hadi Kigoma, zaidi ya kilomita 300. Akinyoosha anakuta Lusahunga, ambako njia ya kulia inakwenda Biharamulo, Bukoba na mpaka wa Mutukula. Akiendelea tena anafika Benaco: wa Rwanda anateremkia Rusumo, wa Burundi anashika njia ya Ngara na Kabanga. Kila njia ina milima yake na mpaka wake, na upatikanaji wa mafuta haufanani.

Lori lenye tela na shehena kamili hula lita moja kwa kilomita mbili, au mbili na nusu barabara ikiwa tambarare. Likirudi tupu, lita ile ile hulifikisha kilomita tatu na ushee. Ndiyo maana madereva wazoefu hawana jibu moja ukiwauliza gari linakula kiasi gani. Watakuuliza kwanza: limebeba nini, linakwenda wapi, upepo ukoje? Ukitoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa ukafika 80, ukinzani wa hewa unakaribia kuongezeka maradufu, na turubai lililolegea likipigapiga nalo linazidisha. Hata Land Cruiser inayovuta tela la mahema kwenda Hifadhi ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019, huona sindano ya mafuta ikishuka upesi kuliko ilivyozoea. Marekani, ambako familia nyingi husafiri zikivuta nyumba ya magurudumu, wengi huanza kutafuta kituo tangi likifika nusu. Kwa barabara za Ngara na Biharamulo, kawaida hiyo inafaa sana.

Bei nayo inasukuma uamuzi. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji nchini, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila wilaya, na ndani ya bei hiyo imo gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini. Kwa hiyo lita ya Biharamulo au Ngara inauzwa ghali kuliko ya Dar es Salaam, na wenye malori wengi hutaka gari lijazwe pwani hadi shingoni, lisiguse sheli nyingine njiani. Kwa anayeishia Kahama mpango huo unakubalika. Kwa anayevuka mpaka, bei ndogo ya pwani inaweza kumponza, kwa sababu tangi lililoonekana limejaa Kibaha huwa limebaki robo anapoiona Nyakanazi.

Tena mafuta yana uzito, jambo ambalo watu husahau. Lita 600 za dizeli zinakaribia nusu tani, na tangi limefungwa ubavuni mwa kichwa, kati ya ekseli ya usukani na zile za nyuma. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaweka tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 56 kwa gari zima lenye ekseli saba. Nyakanazi yenyewe ilichaguliwa kuwa moja ya sehemu tatu za vituo vya ukaguzi wa pamoja kwenye Ushoroba wa Kati, yaani njia hii ya mizigo kutoka Dar es Salaam, pamoja na Vigwaza na Muhalala. Aliyepakia mzigo hadi ukingoni mwa kipimo, kisha akajaza tangi hatua chache kabla ya mizani, anaweza kupigwa faini kwa ajili ya dizeli yake mwenyewe.

Lakini mtihani wenyewe ni Burundi. Tangu karibu mwaka 2021 nchi hiyo imeandamwa na uhaba wa mafuta, na magari yamelala foleni vituoni kwa siku kadhaa. Lori linaloingia kupitia Kabanga na Kobero haliwezi kutegemea kujaza Muyinga wala Bujumbura. Linabeba mafuta yake ya kwenda na ya kurudi.

Tukadirie kilomita 400 kutoka Nyakanazi hadi Bujumbura. Kwenda na mzigo ni lita 200. Kurudi tupu ni lita 135 hivi, na kurudi huko kunaanza na kupanda: kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi milima ya Bugarama inayopita mita 2,000. Ongeza akiba ya foleni ya mpakani, ambako injini ikiachwa inanguruma hula lita mbili au tatu kwa saa. Mei 2020, masharti ya kuzuia korona yalipobadilishwa ghafla, malori mengi yalikwama Rusumo. Akiba ya lita 60 si woga. Jumla inakaribia lita 400, na lita hizo zinapaswa kuwemo tangini kabla ya kuondoka Nyakanazi.

Kuna wanaojaribu kubana hesabu hiyo kwa kuachia nyutro mteremkoni. Ni kosa la kuua. Injini ya kisasa ya dizeli ikiteremka ndani ya gia, mguu ukiwa umetoka kwenye pedeli ya mafuta, hukata dizeli yenyewe. Ikiwa kwenye nyutro, inalazimika kupewa mafuta ili isizime. Dereva hapati akiba yoyote, na breki za tela la tani nyingi zinaachwa peke yake hadi zinachemka.

Wengine hununua kwenye madumu. Hapo kuna hatari ya uchakachuaji, uliowasumbua wenye magari kiasi kwamba mwaka 2010 serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasichanganywe na dizeli. Pampu ya injini iliyoharibiwa na mafuta machafu njiani inamaanisha siku kadhaa porini kungoja fundi na kipuri. Na dumu la petroli juu ya tela ni moto unaongoja cheche. Ukali wa moto wa mafuta ulionekana Msamvu, Morogoro, Agosti 2019: lori la mafuta lilipinduka na moto ukaua watu zaidi ya 100.

Sheli ya kuchagua, basi, iwe inayotoa risiti, yenye paa refu na uwanja mpana, kwa sababu kichwa na tela vinakaribia mita 17 na kurudi nyuma katikati ya pampu ni mateso. Usiku tangi lifungwe kwa kufuli, maana wanyonyaji wa mafuta hawalali.

Wenye malori wanaotuma mizigo Burundi wanaombwa mambo mawili: waandike lita za kurudi kwenye karatasi ya safari kabla gari halijatoka yadi, na dereva aliyejaza tangi Nyakanazi au Ngara kwa bei ya Nyakanazi au Ngara asikatwe posho yake kwa tofauti hiyo.