Swali la Ngumi

Yapata miaka ishirini sasa tangu nilipoanza kazi ya ushauri nasaha kwa watoto wa shule, na katika muda huo wote hakuna swali nililoulizwa na wazazi wa kila tabaka, wenye elimu na wasiokuwa nayo, mara nyingi kuliko hili: "Mwalimu, mwanangu anaonewa, je, nimwambie naye arudishe?" Juma lililopita niliulizwa mara mbili kwa siku moja, na yule wa pili alikwisha kumlipia mtoto ada ya karate kabla hajafika kwangu, maana yake alikuja kutafuta idhini wala si shauri. Kwa kuwa nimechoka kulijibu swali hili mlangoni, mzazi amesimama na ufunguo wa pikipiki mkononi, nitalijibu hapa kwa urefu unaolistahili. Jibu ni la.

Itikadi iliyo nyuma ya swali hili ni ile isemayo kwamba dawa ya moto ni moto, na mwenye kuitamka hudhani amenena neno la ushujaa, ilhali amekosea tangu katika kuufahamu ugonjwa wenyewe. Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi yake Bergen, Norwe, aliichungua kadhia hii tangu miaka ya 1970, akatuachia vipimo vitatu ambavyo mimi hadi leo sijaona vilivyo bora: kwamba mtendaji amekusudia kudhuru, kwamba kitendo hurudiwa tena na tena, na kwamba nguvu za mtenda na mtendwa hazilingani. Hicho cha tatu ndicho wazazi wanachokiruka. Watoto wawili wa kimo kimoja wakigombea mpira, wakapigana, kisha jioni wakagawana mabuyu, huo ni ugomvi tu, nao una dawa zake. Uonevu ni pale ambapo mmoja hawezi kujitetea, ama kwa udogo wa umri, ama kwa unyonge wa mwili, ama kwa kigugumizi, ama kwa ugeni, ama kwa kuwa wenzake ni watano naye yu peke yake. Na mwonevu hakumwangukia kwa bahati nasibu, bali alimchagua kwa sababu hiyo hiyo. Kumwambia mtoto kama huyo arudishe ni kumtaka atende lile ambalo, lau angaliliweza, asingalichaguliwa.

Najua nitakachojibiwa, maana nimejibiwa hivyo mara nyingi: "Mimi nilirudisha, Mwalimu, na tangu siku ile hakunigusa tena." Simkadhibishi asemaye hivyo. Walakini aliyerudisha akashinda aghalabu alikuwa akipigana na mlingana wake, na kisa chake husimuliwa barazani kwa sababu alishinda. Yule aliyerudisha, akashikwa mikono na wanne ilhali wa tano akimpiga, haji barazani kusimulia, nami ndiye ninayemsikiliza, pengine amekwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto. Isitoshe, uonevu mwingi hauna ngumi ndani yake. Msichana wa kidato cha pili ambaye kila akikaa kwenye benchi wenzake huinuka, ambaye jina la utani alilobandikwa limekwisha kuandikwa ukutani, na ambaye picha yake imezungushwa simu kwa simu katika kundi ambalo yeye peke yake hamo, ampige nani? Karate itamfaa nini?

Na tuseme amepata wa kumpiga. Mwonevu mzoefu hujua mwalimu anapogeuka na anaporudi, kwa hiyo pigo la kwanza halionwi, na linaloonwa ni la pili, la yule aliyevumilia mihula miwili hata akapandwa na ghadhabu. Huyo ndiye anayepelekwa ofisini, ndiye anayeandikiwa barua ya kumwita mzazi, na mwenziwe anasimama ushahidi akiwa amekunja mikono. Watafiti wa nchi mbalimbali wameona pia jambo ambalo ningependa kila baba alitafakari usiku kabla hajatoa amri ya ngumi: katika mafungu yote ya watoto wanaoguswa na uonevu, wale ambao wanaonewa nao pia wanaonea ndio aghalabu wenye hali mbaya kuliko wote, kwa majonzi, kwa hofu na kwa kuharibikiwa na masomo. Huko ndiko tunakowasukuma.

Dhara kubwa kuliko yote, hata hivyo, haliko shuleni bali liko nyumbani. Mtoto aliyeambiwa arudishe, naye akashindwa, amebeba fedheha mbili, ya kupigwa na ya kumwangusha baba yake, na kuanzia hapo hasemi tena. Nilimwona mvulana mmoja wa darasa la sita aliyeletwa na mama yake kwa sababu nyingine kabisa, kwamba alikuwa akiumwa tumbo na haja ndogo ikimchoma. Mama alikuwa na chupa ya maji ya mtoto ndani ya kikapu, imejaa hadi kizibo kama alivyoijaza alfajiri, na aliniambia kwamba hurudi hivyo kila siku. Nilimuuliza mvulana kwa nini hanywi. Alitazama vidole vya miguu yake kitambo kirefu, kisha akasema polepole kwamba akinywa atahitaji kwenda chooni, na chooni ndiko wanakomngojea. Miezi minne hakunywa maji shuleni. Baba yake alikuwa amekwisha kumwambia katika wiki ya kwanza kwamba mwanamume halii, arudishe. Hakuambiwa lingine, na mtoto hakusema lingine.

Basi nguvu ya mwonevu iko wapi, ikiwa si katika ngumi zake? Iko katika watazamaji wake. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada waliokuwa wamepiga picha za sinema katika viwanja vya shule za Toronto walichapisha walichokiona: katika visa 88 kwa kila 100 palikuwa na watoto wengine wakitazama, lakini katika visa 19 tu kwa kila 100 alitokea mmoja akaingilia; na walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma katika muda wa sekunde kumi. Sekunde kumi, msomaji wangu, kwa neno la mtoto mwenzao! Mwonevu anataka kuonwa, anataka kuchekewa, na anayecheka aghalabu hacheki kwa furaha bali kwa kuogopa asiwe yeye wa kesho. Kwa yule mvulana wa chupa hatukufanya lolote la ajabu: mwalimu wa darasa aliwaomba vijana wawili wakubwa, wanaokaa mtaa mmoja naye, wafuatane naye chooni wakati wa mapumziko, na mwalimu wa zamu akahamisha kiti chake hadi penye kona ya choo.

Kwa aliye na haraka, haya ndiyo ya kufanya. Msikilize mtoto hadi amalize, wala usimuulize "na wewe ulimfanya nini?" Andika siku, mahali, majina na walioshuhudia. Nenda kwa mwalimu wa darasa, kisha kwa mkuu wa shule, wala usiende nyumbani kwa wazazi wa mwenziwe. Dai jambo linaloonekana kwa macho: nani atasimama wapi, saa ngapi, na lini mtakutana tena. Usikubali wawili hao waitwe pamoja wapeane mikono, kwani mnyonge atasema amesamehe maadamu mbabe yu mbele yake. Ikiwa anaonewa kwa simu, hifadhi picha za maneno aliyotumiwa kabla hayajafutwa, mzuie mtumaji, wala usimnyang'anye mtoto simu, maana kesho hatakwambia. Mtafutie rafiki mmoja, mmoja atosha. Akiumizwa, akitishwa, au akitamka kwamba heri afe, usingoje kikao cha wazazi: hospitali, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au namba 116, ambayo hupigwa bila malipo Tanzania na Kenya.

Limebaki swali ambalo ningefurahi kuulizwa, na katika miaka yote hii nimeulizwa na mama mmoja tu, aliyekuja jioni wengine wamekwisha kuondoka, akafunga mlango kabla hajakaa: "Mwalimu, mwanangu ndiye anayeonea wenzake, nifanyeje?" Nilimwambia asimpige, kwa kuwa fimbo ingemthibitishia kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, amtajie kitendo kwa jina lake bila kumwita yeye jina baya, amrudishe kwa aliyemdhulumu arejeshe alichochukua, ikiwa mwenyewe aliyedhulumiwa ameridhia, kisha amuulize kila Ijumaa, muhula mzima, wiki hii imekuwaje. Aliyaandika yote nyuma ya risiti ya ada, akaniuliza kama ni lazima iwe Ijumaa.

Nikamwambia siku yoyote, mradi isipite.