Askari Aliyeondolewa kwa Udhaifu wa Mwili

Kamakis si mbali na kambi ya Kahawa, na huko kijana huweza kurudi akiwa amevuliwa sare kwa kuwa mwili wake haukufikia kipimo. Wengine huinamisha kichwa wakarejea shambani kimya. Haifai. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 47, yampa aliyedhuriwa na uamuzi wa wenye mamlaka haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Na aziombe upesi, kisha apeleke malalamiko kwa wakubwa wake jeshini. Kwa sheria ya mwaka 2015, mahakama kwa kawaida haisikilizi shauri kabla njia za ndani hazijamalizika. Vyeti vya daktari avitunze vyote. Mwenzetu mmoja alivichoma kwa hasira, akafika kwa wakili mikono mitupu.