Kwenda kutembea Unguja ukitoka Tenke

Kijana wa kwetu akimaliza univerisite na kupata kontra yake ya kwanza ku kampani ya mgodi, ndoto yake ya kutembea iko paka kati ya mbili: Dubai ao Zanzibar. Dubai sijafika, sitaisema. Zanzibar nilifika mwaka jana, baada ya kumaliza maneno ya mizigo ya mama yangu mdogo pale bandari ya Dar es Salaam. Tangu nirudi, wenzangu wananiandikia kila wiki: Ni feza ngapi? Kuko nini ya kuangalia? Maji iko bluu kweli sawa ku mapicha? Nimeona afadhali nijibu wote mara moja.

Kwanza jina. Sisi tunasema Zanzibar, lakini Zanzibar ni visiwa vingi. Kile kikubwa, chenye mji na otele zile munaona ku telefone, wenyeji wanakiita Unguja. Kaskazini yake kuko Pemba, ambako turiste wanaenda kidogo tu.

Njia yenyewe munaijua hata kama hamujaipita, juu ni njia ya makamio yanayobeba shaba yetu: Lubumbashi, Kasumbalesa, kukata Zambia yote mpaka Nakonde, kuvuka Tunduma, kisha kushuka Tanzania mpaka baharini. Kwa basi ni siku nyingi na mgongo unauma. Pale Dar unapanda bato ya mwendo wa kasi, na kisha saa mbili hivi uko Unguja. Mkaaji wa Tanzania analipa bei yake, mgeni analipa bei yake. Mimi nililipa karibu dola 35. Shika pasiporo mkononi, maana hata ukitoka Dar wataiangalia tena ku bandari ya Unguja. Na karte ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau nyumbani. Mtu anayetoka Kongo ataulizwa ile karte.

Sasa bahari. Hii njo inawashangaza watu wa huku juu, juu sisi tumezoea maji yanayokaa fasi yake. Nzilo, hata kama maji yanapanda wakati wa mvua, utaikuta kesho pale uliiacha leo. Bahari ya Unguja haiko vile. Mara mbili kwa siku inajaa na mara mbili inapwa, na kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika hamsini. Mwezi ukiandama ao ukiwa mpevu, maji yanapanda sana na kushuka sana. Wenyeji wanaita bamvua. Katikati ya pale kuko siku maji yanasogea kidogo tu; hayo ni maji mafu.

Juu ya nini mgeni ajue hayo? Juu ya pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, zile fasi za picha nzuri kabisa. Kule mwamba wa matumbawe uko mbali na ufuko, na kati ya mwamba na mchanga maji ni mafupi. Maji yakipwa, yanaenda mpaka kule kwenye mwamba, kupita kilomita moja fasi zingine. Mtu amelipa otele, amefungua dirisha asubuhi, bahari haiko! Wengine wanakasirika kabisa, wanauliza mapokezi kama wamedanganywa. Ukitaka kuogelea saa yoyote, nenda kaskazini, Nungwi ao Kendwa, kule ufuko unashuka haraka na maji hayakimbii mbali.

Lakini mimi nawaambia, ile saa maji hayako njo saa nilipenda zaidi. Unatembea kwa miguu juu ya sakafu ya bahari. Vaa viatu, kuko vidude vya miiba mieusi vinavyochoma vibaya. Unaona mistari ya vijiti vimefungwa kamba, na wamama wamejifunga kanga, wameinama ndani ya maji ya magoti. Lile ni shamba. Wanalima mwani, majani ya baharini, tangu mwisho wa miaka ya 1980. Wanayafunga ku kamba, yanakua wiki kadhaa, wanayavuna, wanayaanika, na kisha yanauzwa inje kutengeneza vitu vya kugandisha chakula na dawa ya meno. Bei ni ndogo, na maji ya bahari yanazidi kupata moto, kwa hiyo ile aina ya mwani yenye bei nzuri inakufa katika maji mafupi. Mama mmoja aliniuliza natoka wapi. Nikasema Kongo, fasi ya shaba. Akasema: «Basi nyie matajiri.» Nilikosa jibu. Munajua barabara ya Tenke inavyofanana wakati wa mvua.

Tuingie mjini, na hapa nitakawia.

Mji Mkongwe uko ku orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Ni mitaa myembamba sana, gari haipiti, nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya mbao iliyochongwa na kupigiliwa misumari mikubwa ya shaba nyeupe. Kupotea mule ndani ni sehemu ya kutembea, na hulipi kitu. Lile jumba linaitwa Beit al-Ajaib, la mwaka 1883, lililokuwa na taa za umeme mbele ya majumba mengine yote ya kule, utaliona paka kwa inje: sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Jioni watu wote wanashuka Forodhani, kando ya maji. Wavulana wanajirusha baharini kutoka ukutani mmoja mmoja, na watu wanapiga makofi. Kula urojo, kunywa maji ya miwa, na uliza bei mbele ya kuweka samaki ku sahani, si nyuma.

Kisha nenda Mkunazini. Pale njo palikuwa soko la watumwa. Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alilifunga Juni 1873, na mwaka ule ule, siku ya Noeli, wamisionari waliweka jiwe la msingi la kanisa juu ya uwanja wake. Wanasema altare iko pale mti wa kuchapia watu ulisimama. Inje kuko shimo, ndani yake sanamu tano za watu wa mawe wenye minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Minyororo ile ni ya kweli. Watakuonyesha na vyumba vya chini ya ardhi, vya giza, na kusema watumwa walifungwa mule. Wanahistoria kadhaa wana mashaka juu ya vile vyumba, kwa sababu nyumba iliyo juu yake ilijengwa na wamisionari kisha soko kufungwa. Gide hatakwambia. Shimo la sanamu linatosha.

Ndani ya kanisa kuko msalaba wa mbao iliyotoka ku mti ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa, kule Chitambo, mwaka 1873. Chitambo ni Zambia, si mbali na ile ncha ya Kongo inayoingia ndani yao. Kwa hiyo mzungu mmoja aliyekufa jirani na sisi ana msalaba, ana jina, ana tarehe. Na wale watu waliouzwa? Gide wetu alisema tu: «Walitoka bara.» Bara wapi? Akanyoosha mkono upande wa magharibi.

Pale nikamwambia, tata, huko unakoonyesha ni kwetu.

Maana ni kweli kwamba wengi waliofika lile soko walitoka upande wa ziwa Nyasa. Lakini wengine walitoka Maniema na nchi za huku. Katika mtaa wa Shangani, dakika chache kutoka kanisa, kuko nyumba ya Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyetawala biashara ya pembe na watu Kasongo na Nyangwe, na ambaye mwaka 1887 Leopold II alimfanya gavana wa Stanley Falls. Alikufa pale Unguja mwaka 1905. Nyumba imechakaa, watu wanaishi ndani, wamefua nguo wameanika. Unaangalia mlango, unaendelea.

Na kuko Msiri. Jina lake halimo katika matembezi ya Mji Mkongwe, mimi njo nilikwenda nalo. Bunkeya, mji wake, uko pamoja na sisi katika teritware moja ya Lubudi. Yeye mwenyewe alitoka Unyamwezi, katikati ya ile njia ya pwani, na kutoka Bunkeya alipeleka pembe, shaba na watumwa mashariki mpaka bahari ya Hindi na magharibi mpaka Benguela, akirudishiwa bunduki na vitambaa. Ku masomo tulimjua kama mfalme aliyekataa bendera ya Leopold, na ni kweli, alikataa, wakamuua tarehe 20 Desemba 1891. Lakini bazee wa Kisanga wa hapa Tenke habari yake wanaisimulia kwa namna nyingine, maana Basanga waliasi utawala wake. Nilipokuwa kando ya lile shimo niliwaelewa bazee wale vizuri zaidi. Mtu anaweza kuwa yule aliyekataa kuuza nchi na pia yule aliyeuza watu.

Na wale waliokuja kumuua, safari yao ilianzia wapi? Unguja. Kapteni Stairs, Mkanada aliyetumwa kwa ajili ya Leopold, alifika kisiwani katikati ya mwaka 1891, akaandika pale wapagazi na askari, wakavuka bahari mpaka Bagamoyo, wakatembea kwa miguu, wakafika Bunkeya Desemba. Wanaume wa ile pwani turiste wanaota jua leo njo walibeba mizigo na bunduki za watu waliochukua Katanga. Nilikuwa nimekaa Forodhani na kikombe cha kahawa nikifikiri hayo, na jamaa wa kando akaniuliza kama nataka kwenda kuangalia pomboo kesho.

Nilienda. Kizimkazi, kusini. Mabato kumi yanakimbiza pomboo watano, sikupenda. Msikiti wa kule, wenye maandishi ya mwaka 1107, ulinifurahisha zaidi. Kisiwa cha Changuu ni karibu nusu saa ya bato kutoka mjini: kuko kobe wakubwa sana, wa kwanza walitoka Seychelles, na gereza la mwaka 1893 ambalo halikufunga mtu, liligeuka fasi ya kuweka wagonjwa kando. Msitu wa Jozani una kima punju, nyani wekundu wasiopatikana porini fasi ingine ila visiwa vya Zanzibar. Wanakaa karibu na wewe kabisa, usiwaguse. Mashamba ya viungo ni matembezi ya nusu siku, unanusa karafuu, mdalasini, hiliki, wanakufumia kofia ya majani. Ni ya kuchekesha na ni nzuri, lakini uliza nani alipanda ile mikarafuu ya zamani. Utumwa wenyewe kisiwani ulifutwa na sheria paka mwaka 1897, miaka zaidi ya ishirini kisha soko kufungwa.

Kuhusu luga: utaelewa vyote, wao watakuelewa nusu. Ukisema «Jambo», sawa vile tunavyosalimia hapa kila siku, watafikiri wewe ni turiste, juu kule «Jambo» ni salamu ya wazungu. Sema «Habari», na kwa mkubwa sema «Shikamoo». Nikisema «mayi» na «feza» walicheka, lakini cheko nzuri, na mzee mmoja muuza vitabu alisema feza yetu ina harufu ya zamani. Ile luga yetu nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo: wafanyabiashara, Bayeke, wapagazi na askari wa pwani, na nyuma yao wafanyakazi wa Union Minière.

Wakati mzuri ni Juni mpaka Septemba, upepo wa kusi unapiga na joto si kali. Usiende Aprili, masika inamwaga mvua. Wakati wa Ramadani, mchana usile barabarani. Na wadada, na wakaka pia, mjini na vijijini mufunike mabega na magoti. Nguo za kuogelea ni za ufukoni. Feza: ukilala nyumba ndogo za wageni, ukapanda daladala pahali pa taksi, na ukala Darajani pahali pa otele, siku tano zinawezekana bila kumaliza mshahara. Kinachokula feza ni njia.

Bunkeya njia si ndefu vile. Kila tarehe 20 Desemba Bayeke wanafanya kumbukumbu ya Msiri pale. Tuko watatu tumepatana kwenda mwaka huu, Musanga mmoja, Muyeke mmoja na mimi, na kule njiani wale wawili watabishana tu. Fasi mbili ziko bado ndani ya gari. Mwenye kutaka aniandikie.