Goma: Mtoto anayekataa kuandika, tumsaidie namna gani nyumbani?

Mwezi Januari 2025, vita vilipoingia mjini Goma, masomo yalifungwa na watoto wakabaki nyumbani. Wazazi wengi tulijikuta tumekuwa walimu bila kujiandaa. Kusoma kulienda, hesabu pia. Kuandika ndiko kulikotushinda.

Kijana wangu wa miaka tisa, akisikia neno daftari tu, kichwa kinamuuma. Lakini jioni anatuhadithia namna chukudu yenye magunia ya makala ilivyomponyoka mwenyewe kwenye mteremko, nyumba nzima tunacheka. Kumbe maneno anayo. Basi nini kinamzuia?

Nilielewa nilipofungua daftari lake la shule: diktee za Kifaransa, ukurasa baada ya ukurasa, wino mwekundu kila mahali. Kwake, kuandika ni kutafutiwa makosa, tena kwa lugha ambayo nyumbani hatuiongei. Hata hivyo, sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, zitumike katika kufundisha pamoja na Kifaransa.

Tulibadilisha njia. Kwanza, yeye alisema, mimi nikaandika. Nilipomsomea hadithi ya chukudu kama alivyoisema, alishangaa. Kesho yake nilimwachia sentensi ya mwisho aiandike mwenyewe. Baada ya wiki mbili alifikia nusu ukurasa.

Pili, tulitafuta maandishi yenye kazi: orodha ya soko, yaani sombe, sambaza, mafuta na bei zake, kisha ujumbe wa simu kwa koko wake. Koko alipojibu, mtoto mwenyewe aliomba simu ili amwandikie tena.

Tatu, makosa yalisubiri. Nilianza na swali juu ya habari yenyewe: « Chukudu ilipoponyoka, wewe ulikuwa wapi? » Kulijibu kunaongeza sentensi. Kisha tulisahihisha kosa moja tu kwa siku. Dakika kumi zilitosha.

Wazazi wengine watauliza: na Kifaransa? Ni lazima, kwa sababu katika mtihani wa serikali, Exetat, mwanafunzi anasubiriwa na insha ya Kifaransa. Lakini kupanga mawazo, kuanza na kumaliza habari, mtoto anajifunza vizuri zaidi katika lugha anayoiongea. Akishajua hayo, anayahamishia kwenye Kifaransa.

Jioni moja, bila kutumwa, kijana aliandika mistari sita juu ya rafiki yake wa darasa aliyekimbia na wazazi wake na ambaye hajarudi. Kwa mdomo hakuwahi kutuambia habari hiyo. Makosa yalikuwa mengi. Siku hiyo sikusahihisha hata moja. Nilimwuliza tu jina la rafiki huyo, tukaongea mpaka usiku.

Mzazi, kabla ya kuchukua biki nyekundu, soma kwanza mtoto anachotaka kukuambia.